Liki za Baada ya Idd

Juzi mlikuja kwangu vijana wanne wa kikundi cha bustani cha Mabawa. Mlinikuta nachambua mchicha, mkaniamkia shikamoo kwa zamu kama watu wanaopanga foleni ya chanjo, kisha mkauliza swali moja: "Bibi, liki huoteshwa mwezi gani?" Nikawaambia nendeni, nitawaandikia. Mkadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Swali ndilo lililonishinda kulijibu papo hapo, kwa sababu jibu lake nililipata mwaka ambao halikuwa na faida tena, na tangu hapo sijapata kulitaja bila kuuona uso wa mume wangu.

Mkitaka maneno ya kutia moyo, nendeni kwa mchungaji au kwa shehe. Mimi nimelima mboga maisha yangu yote, bustani za watu na kishamba changu hapa Makorora, na ninachokijua kwa hakika ni kwamba mmea hauna fadhila. Unaweza kuupenda, ukaubebea maji asubuhi na jioni, ukalala njaa kwa ajili yake. Kama hukuuotesha wakati wake, umekwisha. Wazee wetu nao hawakutusaidia. Walituachia haraka haraka haina baraka, halafu wakatuachia ngoja ngoja huumiza matumbo, wakaenda zao kaburini. Chagueni wenyewe.

Tuanze na liki yenyewe, maana nina wasiwasi kama mmewahi kuiona. Ni kitunguu, lakini hakifanyi kichwa. Kinakwenda chini kama kijiti cheupe kinene, na juu kina majani mapana. Mara ya kwanza mume wangu Zakayo kukabidhiwa tuta la liki, alingoja vichwa. Akangoja. Kila siku anafukua mche mmoja kwa kidole, anachungulia, anafukia. Mzee Mbwana, aliyekuwa mkubwa wetu pale bustanini, alimtazama siku kadhaa, kisha akamwuliza.

"We Zakayo, watafuta nini humo?"

"Natafuta kichwa, mzee."

"Utatafuta mpaka uzeeke. Huyu kaumbwa hana kichwa, na Wazungu wampenda hivyo hivyo."

Tulicheka sana. Nawaambia hilo ili mjue kwamba tuliwahi kucheka.

Hapo palikuwa kwenye shamba la mkonge nje ya mji wa Tanga, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Jina la shamba siliandiki, wenyewe wamekwisha kufa na mkonge umegeuka pori. Mimi na Zakayo tulishuka kutoka milimani, Usambara, Walutheri wawili wenye mtoto mmoja mgongoni na blanketi moja. Joto la pwani lilitupiga kama adhabu. Zakayo akaandikwa kazi brashi. Hamjui brashi, na Mungu awajalie msiijue. Ni jengo ambamo nyuzi za mkonge zilizokauka zilisuguliwa kwa mashine zitoke laini. Vumbi lake ni jeupe, linakaa kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye nguo za mtoto hata ukizianika mbali. Linakaa na kifuani. Haukupita muda mrefu Zakayo akawa hawezi tena kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea ukuta, nami nikihesabu kikohozi chake badala ya kusali. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba, alimwambia nyapara waziwazi: huyu mkimrudisha brashi, mtamzika.

Bahati, kama iliwahi kuwapo, ilikuja hapo. Mzee Mbwana, mtunza bustani wa nyumba kubwa ya meneja, alikuwa amezeeka na anahitaji msaidizi. Wakampa Zakayo. Mimi nikaandikwa kubeba maji. Tukapewa chumba pembeni mwa bustani, karibu na kijito, mbali na vumbi. Siku za kwanza nilikuwa naamka naogopa, kwa sababu chumba kilikuwa kimya. Nageuka, namkuta mume wangu amelala chali kama mtu asiye na ugonjwa, mdomo wazi, anapumua. Hiyo bustani, vijana, kwangu haikuwa bustani ya mboga. Ilikuwa ni kifua cha mume wangu.

Na bustani nzima ilisimama juu ya liki. Msinicheke. Kabichi na karoti zilishuka kwa treni kutoka Mombo, nzuri kuliko zetu, na meneja alisema mara nyingi kwamba haoni kwa nini alishe watu kwa kazi ya mboga zinazouzwa sokoni. Aliyetulinda ni mke wake, Memsabu. Huko kwao baba yake alikuwa mlimaji wa liki, mtu wa kusifiwa kijiji kizima, na huyu binti alitaka liki zake mwenyewe mezani siku ya Krismasi, mbele ya wageni kutoka mashamba mengine. Kopo moja la mbegu lilimjia kwa meli kila mwaka. Mjini hazikuwapo. Liki zikitoka vizuri, Memsabu anatembea nazo kutoka tutani hadi jikoni amezikumbatia kama watoto. Na zote zilikwenda nyumba kubwa. Sehemu nyeupe zililiwa, majani mpishi aliwapa kuku wa Memsabu. Sisi tulizipanda, tukazifukia, tukazing'oa, tukaziosha kijitoni, wala hatukujua zina ladha gani.

Sasa kazi yenyewe, maana mlikuja kwa ajili hiyo.

Mbegu ya liki ni nyeusi, ndogo, na haina uvumilivu. Mbegu ya maharage unaweza kuisahau kwenye kibuyu ukaikuta mwakani. Ya liki ikikaa kwenye unyevu wa pwani hii inakufa kimyakimya, na huwezi kuijua kwa macho. Iweke kwenye kopo lililofungwa na vipande vya mkaa mkavu. Kabla ya kuotesha, chukua chache, zifunge kwenye kitambaa chenye majimaji, uone kama zinapasuka. Usiamini duka. Mimi siku hizi nauziwa pakiti zenye picha nzuri, ndani vumbi.

Otesha kitaluni kwanza, si tutani. Mistari, udongo mwembamba juu, na kivuli cha makuti kilichoinuliwa. Miche ikifikia unene wa bua la mchaichai, ing'oe, ipunguze ndevu za mizizi na ncha za majani. Halafu toboa shimo kwa kijiti, la kina cha kiganja, dumbukiza mche, mwaga maji. Basi. Usifukie. Hapo ndipo kila kijana anakosea, maana mkono unawasha kufukia. Maji yenyewe yatateremsha udongo kidogo kidogo, na mche utanenepa ndani ya shimo lake. Ukishakua ndipo unauvika udongo shingoni, tena na tena, na palipovikwa ndipo panapokuwa peupe. Zakayo alikuwa na mkono mzuri sana wa kuvika udongo. Mzee Mbwana, ambaye hakuwa mtu wa sifa, alisema Mshambaa huyu anavika liki kama anamfunika mtoto.

Lakini haya yote unaweza kuyafanya vizuri ukavuna hewa, kama wakati si wake. Ukiotesha kabla ya masika, ardhi ina moto, mbegu inapikwa kabla haijaamka. Ukiotesha masika yenyewe, mche unatoka, unasimama siku chache kama uzi wa kijani, kisha shingo inaoza nao unalala. Ukichelewa mpaka upepo wa baridi umekwisha, liki inakutana na jua la kaskazi ikiwa bado changa, inakonda, inabaki kama majani ya vitunguu vya kuungia mchuzi. Mlango wake ni mwembamba. Ni pale masika yanapolegea na kipupwe kinakuja, ardhi imeshiba na imepoa. Kanyaga tuta adhuhuri kwa mguu mtupu. Kama unaweza kusimama ukazungumza na mtu bila kuungua, mlango uko wazi.

Mzee Mbwana alijua mlango huo kuliko mtu yeyote. Alikuwa Mdigo wa upande wa Horohoro, mpole, mzito wa maneno. Mwaka wa kwanza sisi kuwa naye aliotesha liki zikatoka nzuri mno. Mwaka wa pili vilevile. Kisha miguu ikamshinda, akaaga kurudi kwao. Siku ya kuondoka, amekwisha kufunga mzigo, Zakayo alimuuliza kama mnavyoniuliza ninyi. Nilikuwapo, nimeshika debe la maji.

"Mzee, na liki je? Nitajuaje?"

"Liki? Otesha tukisha kula Idd. Masika yatakuwa yashalegea."

Akampa mkono, akaondoka. Zakayo aliyarudia maneno yale siku nzima kama mtoto anayetumwa dukani.

Mmeshaona kosa? Ninyi mmezaliwa Tanga, mnaliona mara moja. Sisi hatukuliona. Zakayo alikuwa mtu wa kanisani tangu utoto. Kwake sikukuu zilikuwa za aina mbili. Iko Krismasi, ambayo haisogei. Iko na Pasaka, ambayo husogea mbele kidogo, ikarudi nyuma kidogo, lakini haitoki nyumbani kwake. Hata iweje, utaikuta karibu na masika. Idd akaiweka pamoja na Pasaka. Alijua inasogea, si mjinga. Alidhani inasogea kisha inarudi. Hakujua kwamba kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na kitu, na kwamba hairudi mbele kamwe mpaka iuzunguke mwaka mzima. Majirani zetu Waislamu walijua. Lakini nani angekwenda kumweleza mwanamume mzima jambo ambalo kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua?

Basi mwaka wa kwanza bila Mzee Mbwana tukaotesha baada ya Idd. Miche mingine ikaoza. Liki zilizobaki zilitosha meza ya Krismasi, lakini zilikuwa nyembamba. Zakayo akasema ni samadi, ilikuwa mbichi. Mwaka uliofuata akaiozesha samadi mpaka ikawa kama unga wa kahawa. Tukaotesha baada ya Idd, nusu kitalu kikaoza. Akasema basi ni samadi ya ng'ombe, akatafuta ya mbuzi. Alitembea mpaka vijiji vya mbali kubeba samadi ya mbuzi kichwani, mtu mwenye kifua kile. Krismasi hiyo Memsabu alipata liki za kuhesabika kwa mikono. Meneja alikuja bustanini mwenyewe, akasimama juu ya tuta kwa viatu, akasema kwa Kiswahili chao: "Mwaka ingine kama hapana liki, hapana bustani. Mimi taweka miche ya mkonge hapa. Wewe rudi brashi."

Zakayo alisema ndiyo, bwana. Usiku huo alilala ameketi, ingawa hakuwa akikohoa.

Mwaka wa mwisho, Ramadhani ilipokuwa inaelekea kwisha, nilikuwa nafua kijitoni. Maji yalikuwa yamejaa, mekundu, yanavuta nguo mkononi. Mwanamke mmoja wa kambi ya wafanyakazi wa mkonge alikuwa akilalamika kwamba Idd hii watoto watatoka na nguo mpya kwenye tope. Nikakumbuka Idd ile ya kwanza tulipokuja bustanini: watoto walicheza pale pale kwenye nyasi kavu, na Mzee Mbwana alitugawia tende tukiwa tumeketi chini. Nikaacha kufua. Nikaenda kumwambia Zakayo.

"Baba Eliabu, Idd imesogea."

"Hata Pasaka husogea."

"Hii imeingia katikati ya masika. Tutaotesha kwenye maji."

"Mama Eliabu, mzee aliotesha baada ya Idd, nikaona kwa macho yangu. Miaka miwili. Zikatoka. Mimi ndiye nisiyejua kutengeneza kitalu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Jambo likiharibika, alijitafuta yeye kwanza. Mwe, kuna wanaume ulimwenguni hawajawahi kukosa hata siku moja, na mimi nikapewa huyu. Nikamwambia nitakwenda Horohoro kumuuliza mwenyewe. Yeye asingeweza kuacha kazi. Nilichukua mbegu kidogo kwenye kopo, kama za vidole vitatu, nikazifunga kwenye pembe ya kanga, nimwonyeshe mzee, huenda tatizo ni mbegu. Nikamwomba Zakayo asioteshe mpaka nirudi. Akasema atangoja.

Nilipata lori la mfanyabiashara wa nazi, nikakaa juu na mtoto. Barabara ile masika ilikuwa mto wenye mawe. Nilimkuta Mzee Mbwana kibarazani kwake, amepungua, macho yana ukungu, lakini sauti yangu aliijua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zakayo hajambo? Kifua chake?"

"Hajambo. Liki ndizo zimetushinda."

Nikafungua kanga. Akazimimina kiganjani, akaviringisha moja kwa kidole, akaitia menoni, akaitema. "Hii mbegu nzima. Mwaotesha lini?"

"Baada ya Idd. Kama ulivyosema."

"Idd ya mwaka gani?"

"Kila mwaka."

Mkono wake ukapanda mpaka kwenye kofia, ukabaki pale. Mjukuu wake alipita akitaka kumwuliza kitu, akamfukuza kwa jicho.

"Mimi nilisema Idd ya mwaka ule, mwanangu. Mwaka ule iliangukia karibu na penyewe. Idd yafuata mwezi, shamba lafuata Mwaka wa jua. Sisi twahesabu tangu Siku ya Mwaka, ile siku ya kukoga baharini. Twenda siku kumi kumi. Mia ya tatu ikitimia, masika yashalegea, ndipo waotesha liki. Haiongopi."

"Mbona hukutwambia hivyo, mzee?"

"Nani pwani hii asiyejua?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilisahau kuwa nyie mmetoka milimani. Mwambie asioteshe. Kopo alitie mkaa, alifunge, angoje. Miezi ya kungoja haitafika miwili. Liki zitakuwa tayari kwa Krismasi yenu, wala hazitachelewa."

Nilitaka kurudi mbio. Sikupata gari upesi. Lori nililopata baadaye lilizama kwenye tope, na magari yote yakasimama nyuma yake. Idd ilinikuta njiani, nimelala na mtoto kwenye nyumba ya watu wema waliotupa pilau. Nilikula ile pilau kwa furaha, hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na jibu mkononi. Niliona kabisa jinsi nitakavyomweleza, na jinsi atakavyocheka.

Nilipofika bustanini mvua ilikuwa imetulia kidogo. Zakayo alikuwa amesimama kando ya kitalu, mikono imejaa udongo, kopo liko chini limefunuliwa, tupu. Aliotesha asubuhi ya jana yake, siku ya pili ya Idd. Alisema alinisubiri, kisha mvua ikakatika, jua likatoka, akaona kama anaambiwa wakati ndio huu. Aliogopa kuchelewa kuliko alivyoogopa kukosea. Nikamweleza yote, pale pale, mtoto bado nimemshika mkono. Akaketi kwenye ukingo wa kitalu.

"Kwa hiyo samadi haikuwa na kosa," akasema.

Nikasema haikuwa na kosa.

Usiku mvua ilirudi. Tulijaribu. Tuliongeza makuti, tukachimba mifereji, nikasimama nimeshika mkeka juu ya kitalu kama kichaa. Miche ilitoka, ikasimama, ikalala yote. Nilikwenda mlango wa jikoni kumwomba Memsabu. Nikamwambia tulifuata Idd na wakati ulikuwa bado, atuagizie kopo lingine tu, Krismasi atapata. Hakuwa mwanamke mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka ile mbolea," akasema. "Mwaka hii Idd. Kila mwaka iko sababu, Mama."

Alikuwa amesema kweli. Nilimkasirikia Mungu siku ile, na sijui kama tumepatana mpaka leo.

Mwisho wa mwezi walipanda miche ya mkonge kwenye matuta yetu. Tulihamishiwa kambini, na Zakayo akarudi brashi. Nilibaki na zile mbegu kwenye pembe ya kanga. Sikuwa na tumaini la maana, labda ukaidi tu. Nilianza kuuliza wazee wa pwani hesabu ya Mwaka imefika wapi, na mia ya tatu ilipotimia nikaziotesha nyuma ya chumba, kwenye karai bovu, kisha nikazihamishia kwenye kipande cha ardhi kama mkeka wa kulalia. Zilishika. Jioni Zakayo akitoka kazini, mweupe kwa vumbi kama mzimu, alipitia kwanza kule nyuma, akapiga magoti, akazivika udongo. Anavika, anakohoa, anavika. Ilipofika miezi ya joto hakuweza tena kupiga magoti, nikawa navika mimi, yeye ananielekeza kutoka mlangoni. Baadaye hata mlangoni hakufika.

Mambo ya siku hizi mnayajua kuliko mimi. Siku ya Mwaka hakuna anayeihesabu, ukiuliza watu wanakutazama kama unauliza bei ya punda. Hata ukiihesabu, masika yenyewe hayana adabu tena: mwaka huu hayaji, mwaka ujao yanakuja yote kwa wiki moja na kubeba tuta zima. Kwa hiyo hiki ninachowapa, mia ya tatu, huenda ni ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomoka. Chukueni. Mkanyage na ardhi kwa mguu mtupu. Mkiambiwa otesheni baada ya sikukuu fulani, ulizeni sikukuu ya mwaka gani. Sina lingine.

Krismasi ilipokaribia nilizing'oa. Vijana, sijapata kuona liki kama zile, kabla wala baada. Nene kama mkono wa mtoto, nyeupe kutoka mizizi mpaka nusu. Niliziosha, nikazifunga kwa kamba ya mgomba, nikajitwika mpaka nyumba kubwa. Njiani nilipanga maneno. Nitazilaza miguuni pa Memsabu, nitamwambia tazama, mkono wa Zakayo huu, mtoeni brashi. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Mpishi alikuwa ameketi nje anasuka kamba, hana kazi.

"Hawapo, Mama Eliabu. Wamekwenda kwao kwa meli, likizo. Hawarudi mpaka masika."

"Na hizi?"

Akazitazama, akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayejua jiko. "Kapikeni."

Zakayo tulimzika kabla masika hayajaanza, kwa hiyo Memsabu hakuziona wala yeye hakumwona tena Memsabu. Lakini jioni ile alikuwa bado yupo, ameegemea ukuta, na nilipoingia na mzigo kichwani hakuuliza nimerudi nao kwa nini. Aliomba moja. Akaipima kwa kiganja, akapitisha kidole kwenye weupe wote mpaka majani yanapoanza. "Imevikwa vizuri," akasema. Nikazikata, nikazipika kwa nazi na chumvi, nikampelekea bakuli, nikamsaidia kushika kijiko. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu sote wawili. Akatafuna polepole, akameza, akalitazama bakuli.

"Mama Eliabu," akasema, "kumbe ni kitunguu tu."

Hakumaliza bakuli, nami sikumlazimisha.